Nusu ni ya watu wawili: nilivyotafuta choma ya mtu mmoja hadi Burma

Niaje wakuu. Mko salama?

Hii story nimeiandika nikafuta, nikaandika tena. Ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama unatafuta kicheko, pitia uzi mwingine.

Mimi ni fundi wa friji, naishi Umoja, hapa Nairobi. Kwa miaka mingi mimi na mke wangu, Mama Stella, tulikuwa na kamchezo ketu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashuka soko la Burma, tunanunua nusu kilo ya ng'ombe, mbavu, tunakaa kwa benchi tukingoja ichomwe. Mfupa ulikuwa wake. Hata sikuwahi kuuomba, huo ulikuwa na mwenyewe.

Mama Stella alitutoka mwaka jana. Ni figo. Hapo sitaongea sana.

Nikakaa miezi bila kuonja nyama choma. Halafu siku moja hamu ikanishika vibaya, nikaanza kutafuta mahali mtu mmoja anaweza kuketi ale robo kilo yake kwa bei ya mtu wa kawaida.

Wakuu, huu mji haujui mtu anayekula peke yake.

Butchery ya kwanza hapa Umoja jamaa aliniangalia akasema, "Robo haichomeki mzee. Chukua nusu, ama nikukaangie." Ya pili, vile vile. Na hawadanganyi. Kipande kidogo kikikaa kwa makaa kinakauka, kinakuwa soli ya kiatu. Kuna vile vipande vya kando ya barabara, lakini hivyo unakula umesimama. Mimi nilitaka kuketi.

Basi nikarudi Burma kwa Kyalo, yule aliyekuwa akituchomea siku zote. Alifurahi kuniona, akapangusa benchi. Halafu akauliza lile swali la wachomaji, "Mko wangapi leo?"

Nikasema wawili.

Sijui ilitoka wapi. Mdomo ulikuwa umezoea.

"Na mama ako wapi?"

"Anakuja."

Sasa, kwa wale hamjazoea haya mambo, pale kwa Kyalo kuna heshima moja. Nyama haikatwi kabla watu hawajatimia. Inawekwa pembeni ya moto, ubao unakaa mtupu, mpaka wa mwisho afike anawe mikono.

So Kyalo akangoja. Anaigeuza, anaisogeza mbali na makaa, anaangalia barabara. "Mama amechelewa leo," akasema. Mimi nikatoa simu nikajifanya nasoma message. Nilikuwa nimekaa kona ya benchi, nimemwachia nafasi yake, na sikuwa nimegundua mpaka mtu akaniuliza kama hapo kuna mwenyewe. Nikamwambia kuna mwenyewe.

Waliokuja nyuma yangu wakala wakaenda zao.

Mwishowe Kyalo akaja na jagi la maji. "Mzee, nyama inakauka. Si umpigie?"

Hapo nikashindwa. Nikamwambia, "Kyalo, hakuna mtu wa kupigia. Tulimzika."

Akaweka jagi chini. Akasema polepole, "Si ungeniambia tu, mzee wangu. Ningekata mapema."

Wakuu, nililia. Mzee mzima, kwa benchi ya choma, kachumbari iko mbele yangu. Kyalo hakuniambia ninyamaze. Alingoja, akanimiminia maji kwa mikono, akakata. Nyama ilikuwa ngumu kabisa. Nilikula kidogo, iliyobaki akanifungia kwa karatasi.

Nikitoka akanishika mkono. "Usihangaike na robo yako peke yako. Kuna wazee wengine wawili huja hapa, kila mtu kivyake. Njoo Jumamosi mchana, mchukue kipande kimoja. Nitachoma pamoja, nimkatie kila mtu kwa ubao wake."

Sasa hiyo ndiyo siri ya robo, kama ulifungua huu uzi kwa sababu ya nyama. Usiichome peke yake. Tafuta wenzako kwa mchomaji, kipande kiwe kikubwa, kila mtu alipie yake. Inatoka laini vizuri.

Huwa naenda. Mmoja wetu ni mlinzi wa gate, mwingine alifanya kazi reli. Hatuongei sana. Kila mtu na ubao wake, chumvi ni ya pamoja. Sijawauliza wao walimpoteza nani, na wao hawajaniuliza.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukiulizwa mko wangapi, sema ukweli, hata kama unauma. Ukidanganya, utaketi hapo ukingoja mtu asiyekuja, na chakula kinaharibika.

Kyalo bado huniwekea mfupa kwa ubao wangu. Kila Jumamosi nauacha hapo. Huo si wangu.

Wenye mmebaki peke yenu, nyinyi hukula wapi? Niambieni hapo chini. Jioni huwa niko tu kwa nyumba, nitasoma zote.