Odeta, fundi wa viatu vya kuteleza

Saa mbili asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, Odeta Mhoja ndiye mfanyakazi pekee aliye ndani ya ukumbi wa bolingi ulio jirani na ziwa, wilayani Ilemela, Mwanza. Taa zimewashwa upande mmoja tu. Amevaa gauni la kitenge, na miguuni ana viatu vyekundu vya kamba.

Anapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haiwi hatua. Mguu wa kushoto unateleza juu ya mbao taratibu, goti linajikunja, na anasimama shubiri moja kabla ya mstari mweusi. Hana mpira mkononi. Anarudi nyuma na kurudia, safari hii akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu.

"Umesikia hapo mwisho? Kimekwaruza," anamwambia mwandishi. Anakaa chini, anakivua kiatu cha kushoto na kuisugua soli yake kwa brashi ya waya, upande mmoja tu, karibu na kidole gumba. Anainuka na kujaribu tena. Safari hii anacheka.

Mlinzi wa zamu alipomkuta akifanya hivyo kwa mara ya kwanza alikwenda mbio kwa meneja kumwambia kuwa Odeta, wakati huo mfanya usafi, amepandwa na mapepo, anacheza peke yake bila muziki.

Katika mchezo huu mtu hutembea na mpira mzito, na katika hatua ya mwisho mguu lazima uteleze ndipo mpira uachiwe kwenda kuangusha pini kumi zilizosimama mbele. Kiatu kikinata, mguu unabaki na mwili unakwenda. Kikiteleza mno, mtu anavuka mstari na kukanyaga njia iliyopakwa mafuta, na hapo ni mweleka.

"Watu wanadhani kinachotakiwa ni utelezi," anasema Odeta. "Hapana. Kinachotakiwa ni kiatu kiteleze leo kama kilivyoteleza jana. Mchezaji akianza kukifikiria kiatu, ujue mimi nimeshindwa kazi."

Odeta, mwenye miaka 39 na mama wa watoto wawili, alizaliwa Magu. Baba yake, Mzee Mhoja, alikuwa akikata katambuga, viatu vya matairi ya magari, na kuwauzia wakulima wa mpunga na wachunga ng'ombe. Binti alishika kisu na sindano ya viatu kabla hajamaliza shule ya msingi. Alipoolewa Igoma alifungua kibanda chake cha kushona viatu.

Kibanda hicho kilimlisha kwa miaka, hadi viatu vya plastiki vya bei ya chini vilipojaa mtaani. Watu wakaona kiatu kikikatika ni heri kukitupa kuliko kukishona. Siku njema Odeta alirudi nyumbani na shilingi elfu tano. Siku nyingine alirudi na maongezi tu. Aliposikia ukumbi wa bolingi unatafuta wafanya usafi, alikwenda.

"Niliweka sindano chini nikashika fagio. Aibu sikuona, kazi ni kazi. Ila mikono ilikuwa ikiniwasha," anakumbuka.

Kisha ikaja masika ya mwaka juzi. Mvua ilinyesha mfululizo, ukumbi mzima ukawa na unyevu, na wachezaji wakaanza kuanguka. Jumamosi moja alifika Fadhila Shaibu, mwalimu wa shule ya msingi huko Buswelu, pamoja na walimu wenzake. Fadhila alikuwa ameshaupenda mchezo, na alikuwa hodari. Alikwenda hatua zake vizuri, lakini ile ya mwisho mguu ukanata kama umepigiliwa msumari. Alianguka kifudifudi na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika.

Odeta ndiye aliyekimbia na kanga kumfunga mkono.

"Alikuwa hapigi kelele, analia kimyakimya," anasema. "Akaniambia, dada, mimi si mzembe, mguu umekataa. Yale maneno yalininyima usingizi."

Mwenye ukumbi hakutaka kesi wala lawama. Aliagiza njia zing'olewe na ukumbi ufanywe wa harusi. Meneja, Venant, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kwamba mvua zikiisha wengi wao watatafuta pa kwenda.

Odeta alinyoosha mkono. "Bosi, naomba viatu."

"Viatu gani?"

"Vya kukodisha. Vyote. Nivitazame."

"Dada Odeta, hivyo vimezeeka. Na vipya kuagiza nje ni mzigo, mwenye mali amekataa."

"Basi kama vinatupwa, nitupie mimi."

Venant anakiri alikubali kwa sababu hakuwa na la kupoteza. "Nilidhani anavitaka akauze Igoma," anasema akicheka.

Odeta alivipanga sakafuni, soli juu, akavipitia kimoja kimoja kwa vidole. Aligundua kuwa vingi havikuwa vizee. Wateja walikuwa wakitoka navyo hadi kibarazani kununua samaki sato wa kukaanga, wanakanyaga maji ya mvua na soda iliyomwagika, kisha wanarudi ndani. Ngozi laini ya soli ilinyonya vyote hivyo, na vile vinyuzi vinavyoufanya mguu uteleze vililala na kugandana.

Hivyo alivikausha kivulini, si juani, maana jua huikakamaza ngozi. Kisha akavipiga brashi ya waya hadi vinyuzi vikaamka. Lakini kulikuwa na jozi ambazo soli zake zilikuwa zimekwisha kabisa. Hizo zilimpeleka Magu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mvua hii, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka ngozi ya kutengenezea kiatu kinachoteleza."

Mzee Mhoja aliweka kisu chake chini. "Maisha yangu yote nimeuza viatu visivyoteleza. Sasa wewe unataka kuniharibia jina?"

Walicheka wote wawili. Kisha mzee alimtolea ngozi ya ng'ombe, akamwonyesha ya mgongoni, iliyoshikana, na kumwonya asichanganye na ya tumboni, kwa sababu hiyo hulegea na soli mbili hazitafanana.

Jozi ya kwanza aliyoitengeneza nusura imwue. Aliisugua msasa kupita kiasi, akakimbia nayo, na mguu haukusimama. Alivuka mstari, akaingia kwenye njia ya mafuta na kuanguka kwa ubavu. Wenzake walimkuta amelala palepale.

"Walitaka kunibeba. Nikawaambia niacheni kwanza, nafikiri," anasema Odeta. Pale chini aling'amua kwamba alikuwa ameipiga msasa hadi raba ya kisigino, ambayo ndiyo breki. Jozi iliyofuata aliigusa mbele tu, kisigino akakiacha. Ilisimama.

Mwenye ukumbi alipoonyeshwa viatu hivyo alikubali kungoja, njia zisiguswe. Wateja walirudi kidogokidogo, wakikuta utaratibu mpya: atakaye sato anavua viatu mlangoni na kupewa kandambili.

Lakini kwa Odeta kulibaki jambo moja. Siku Mwalimu Fadhila alipokuja kuwasindikiza wenzake, mkono ukiwa umepona, alikaa benchi la nyuma na mkoba wake mapajani. Odeta alimfuata.

"Mwalimu, leo huchezi?"

"Mimi kile kiatu sikivai tena, dada yangu. Nitawashangilia."

Odeta aliangalia miguu ya mwalimu, akaona inalingana na yake. Akaenda akachukua jozi, akaivaa yeye mwenyewe, akatembea mbele ya watu wote na kuteleza hadi karibu na mstari. Akarudia, safari hii kwa mguu wa pili. Kisha akaketi kando ya Fadhila, akavua viatu na kumwekea miguuni.

"Mimi nimetangulia. Kama ni kuanguka, ningeanguka mimi," alimwambia.

Fadhila anasema viatu vilikuwa bado na joto la mguu wa mwenzake. "Niliogopa kweli. Lakini mtu amejitoa hivyo, unamkatalia vipi?" Alisimama, akatembea, na mguu ukateleza. Hakumbuki pini ngapi zilianguka. Anakumbuka kwamba alilia tena, safari hii kwa sauti.

Leo Odeta ndiye msimamizi wa viatu wa ukumbi huo, na mshahara wake unalipa ada za watoto wote wawili. Fadhila amechaguliwa katika timu inayokwenda Dar es Salaam kushindana mwezi Agosti. Kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, mguu wake wa kuteleza ni wa kulia, na viatu vya ukumbini huteleza miguu yote miwili, havina wa kushoto wa kushika.

Odeta ameamua kumshonea vyake, kuanzia ngozi ya juu hadi soli, cha kulia kiteleze na cha kushoto kishike. Ameshapata fremu ya duka karibu na stendi ya Igoma, anakotaka kufundisha akina mama wawili kazi hii kabla mwaka haujaisha.

"Najua kule Dar watamuuliza viatu kanunua nchi gani," anasema, akivuta uzi kwa meno. "Nimemwambia asihangaike na maneno mengi. Awaelekeze tu: ukifika Mwanza, shika barabara ya Musoma, ushukie Igoma, uliza fundi Odeta."