Mtani Alinicheka Macho Msibani, Leo Analeta Posa kwa Mpwa Wangu

Admin, nifiche jina na sura, maana Kihonda hii ukisema "yule mzee wa bastola" hata kuku wanajua ni mimi. Nina miaka hamsini na tatu, Mluguru wa Kinole, shule niliishia darasa la saba, lakini kwenye kulenga shabaha mimi ni profesa. Nafanya kazi kampuni moja ya ulinzi, na kila mwaka walinzi tunashindana kupiga karatasi kwa bastola. Miaka tisa mfululizo hakuna aliyenigusa. Kuna siku nzi alitua kwenye karatasi, nikampiga, tena nilimchagulia mguu. Asiyeamini aulize wazee wa kazi.

Basi mwaka juzi macho yakaanza kunifanyia uhuni. Mbali naona, mbuzi akiwa juu mlimani namjua kama ni dume au jike. Ila ile nundu ndogo iliyoko kwenye ncha ya bastola, ambayo lazima uiweke sawa ndipo ufyatue, ikaingia ukungu. Mara naiona moja, mara mbili kama mapacha. Nikasema bastola mbovu. Nikabadilishiwa, na ya pili nayo nikasema mbovu.

Nikamwambia mtu mmoja tu, kwa siri. Ni mlinzi mwenzangu na ni mtani wangu, kabila lake silitaji. Akaniambia, "Mluguru, hiyo si bastola, ni uzee. Nenda kwa daktari wa macho akupe miwani ya kuonea nundu. Karatasi iache iwe na ukungu, haina neno."

Jamani, ninyi mngeamini? Mtani tangu lini akasema kweli? Huyu ndiye aliyewahi kutangaza kazini kwamba nimekufa, wakaanza kunichangia. Na nani anapiga kitu huku anaangalia bastola yake? Nikajua ananichimbia shimo. Nikaenda kwa mmachinga, nikachukua miwani ya kuonea mbali, karatasi ikaonekana mpaka vumbi lake. Nikacheka peke yangu.

Siku ya mashindano nikasimama kifua mbele, nikapiga risasi kumi. Karatasi zikaletwa. Yangu ina matundu mawili, tena pembeni kabisa kama yamefukuzwa. Matatu yamekutwa kwenye karatasi ya mtani aliyekuwa amesimama pembeni yangu. Mengine anajua Mungu. Akapaza sauti mbele ya bosi, "Mtani, njoo unisaidie na kulima basi, maana shabaha umeshanisaidia!" Watu wakagaragara chini. Ubingwa akauchukua yeye.

Hilo ningelimeza. Miezi miwili baadaye dada yangu akafariki, tukaenda kumzika Kinole. Mnajua watani msibani, wana ruhusa ya kufanya lolote na mfiwa haruhusiwi kununa. Huyu bwana akaja amevaa miwani ya vifuu vya nazi, ndizi mkononi kama bastola, anapapasa watu vichwani. "Nyamazeni, Mluguru analenga kaburi! Paa! Nimepiga Gairo kule!" Msiba mzima kicheko. Wapwa zangu wanacheka, na mimi ndiye mjomba wao, mkubwa wa ukoo. Halafu akakalia majembe, akasema hatufukii mpaka nimpe jogoo. Kwa mila nikampa. Jogoo wangu mwenyewe!

Baadaye nikaenda kimyakimya kwa daktari wa macho. Akaniambia ninyooshe mkono kama nimeshika bastola, akapima kutoka jichoni mpaka ncha ilipo, akanitengenezea miwani. Akasema, "Uone nundu vizuri, karatasi iwe na ukungu." Nilitamani kumzaba kibao. Ni maneno yaleyale ya mtani! Na kweli, sasa napiga kama zamani. Lakini ubingwa siutaki tena, namtaka mtani mwenyewe.

Mungu si Athumani. Mwezi huu mtoto wake wa kiume kamchumbia binti wa marehemu dada yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mtani akaileta barua ya posa mwenyewe, kaifunga kwenye kitambaa cheupe, kakaa kwenye kiti changu kwa adabu ambayo sijawahi kuiona.

"Mkwe, tumekuja."

"Mkwe wa nani? Mimi na macho haya hata barua siioni."

Akacheka. Mimi sikucheka. Sijaifungua mpaka leo. Jumamosi ukoo wote unakaa kutoa jibu, na nimepanga nitaishika juu chini mbele yao, niseme, "Mtani, kipofu hasomi," nimrudishie na kitambaa chake. Nataka aondoke anapapasa ukuta.

Mke wangu ananiambia, "Baba watoto, unamwadhibu mtu kwa kukuambia ukweli?" Nikamwambia ukweli hauvai vifuu vya nazi.

Ila jana mpwa wangu alikuja. Hakulia wala hakubisha. Akapiga goti, "Shikamoo mjomba." Nikaitikia. Akasema, "Siku tunamzika mama nilikuwa na siku tatu sijaweka kitu mdomoni. Yule baba aliponichekesha ndipo nikaomba chakula. Ulikuwa unalia, mjomba, hukuniona." Akaondoka.

Usingizi umepaa. Nikimpa binti, yule atacheka mpaka kaburini kwangu. Nikimnyima, nitakuwa nimemlenga yeye na nimempiga mtoto wa dada yangu. Ninyi mnaosoma hapa, wenye wapwa na wenye watani, niambieni Jumamosi nisimame niseme nini. Ila wa kuniambia "samehe tu mzee" aanze yeye kutoa jogoo wake.