Kura ya Wifi Yangu Nje ya Uzio

Wifi yangu na mimi hatukuwahi kukubaliana juu ya mgombea yeyote tangu nilipoolewa na kaka yake. Nikisema huyu, yeye anasema yule. Ndiyo maana tawi letu hapa Maretadu lilituchagua sisi wawili kuwa wajumbe. Walisema tukienda sisi, hakuna mwanachama atakayelalamika kwamba hakusemewa.

Chama kilikuwa kinatafuta mtu wa kugombea urais, na waliobaki walikuwa wawili: mwalimu mstaafu na mwanasheria. Wajumbe wa matawi ya kwetu tulitakiwa kukutana shule ya msingi, tupige kura, matokeo yaende Mbulu na kutoka Mbulu yaende juu. Mimi nilimtaka mwanasheria kwa sababu alipokuja alizungumza kwa kifupi. Wifi alimtaka mwalimu.

"Mwanasheria amezoea kulipwa ndipo aseme," aliniambia.

Tulikuwa tunapalilia maharage yake. Akikasirika jembe lake huwa linakwenda mbio, kwa hiyo nilizidi kumchokoza ili tumalize kabla ya jua kali. Tulimaliza saa nne. Nimesahau hotuba zote za wakati ule, lakini lile shamba nalikumbuka mstari kwa mstari.

Halafu zikaja kanuni. Zamani mjumbe akishindwa kufika alimtuma mwenzake kwa mdomo, na mwenyekiti wa chama kwetu aliandika. Safari hii kilikuja kikaratasi kutoka juu: kila tawi lilete wajumbe wake wote wawili. Akikosekana mmoja, kura ya yule mwingine nayo haihesabiwi. Mbadala anaruhusiwa kama mjumbe amekufa au anaumwa, na cheti cha hospitali kiwepo. Mimi niliishia darasa la nne lakini nilikisoma mara mbili, nikaona aliyekiandika hatujui sisi watu wa huku.

Wiki ileile mjukuu mchanga wa wifi alifariki, nyumbani kwake. Sisi Wairaqw, nyumba iliyopatwa na jambo kama hilo hukaa metimani. Hawaingii kwa watu, watu hawaingii kwao. Hawapokei kitu mkononi mwa mtu, wala kitu chao hakipokelewi, mpaka wazee waseme yatosha. Anayepokea, naye anakaa. Kanisani wanatuambia hayo yamepita, na vijana wengi wameyaacha. Kitongojini kwetu tuliyashika bado. Nilikwenda kumlilia mtoto nikiwa nimesimama ng'ambo ya kijito, yeye mlangoni kwake, tukaongea kwa kupaza sauti. Kwenye kile kilio akanipigia kelele, "Na kura, wifi?"

Nilikwenda kwa mwenyekiti.

"Amekufa?" akauliza.

"Hajafa."

"Anaumwa?"

"Ana nguvu kuliko wewe."

"Basi aje mwenyewe, bibi. Kanuni haina metimani."

Siku ya mkutano alikuja. Alitembea peke yake njia ya juu, ambako watu hawapiti, akasimama nje ya uzio wa shule, kwenye minyaa, amejifunika blanketi kwa ile baridi yetu. Mwenyekiti alimwita aingie darasani. Nusu ya wajumbe wakainuka.

"Akiingia huyo, sisi tunatoka," mzee mmoja alisema.

"Mkitoka, matawi yenu yamekwisha," mwenyekiti akamjibu.

"Na yeye asipoingia, tawi lake limekwisha," akasema karani aliyetumwa kutoka Mbulu. Alikuwa kijana wa Pwani, mpole, na kile kikaratasi alikishika kama mtu aliyeshika yai.

Walibishana asubuhi nzima. Mmoja akasema uzio ni wa shule, basi aliye kwenye uzio yupo mkutanoni. Mwingine akasema hata ng'ombe wake huwa kwenye uzio, naye apewe karatasi? Watu wakacheka. Wifi akasikia, akapaza sauti kutoka huko nje, "Ng'ombe wako ana akili, mpe!" Wakacheka zaidi.

Mjumbe wa Masakta alikuwa amekuja kutazama tu, maana kwao Hanang walikuwa wanakutana siku nyingine. Akanigeukia.

"Bibi, mnahangaikia nini? Wewe unampa mwanasheria, yeye mwalimu. Mkihesabiwa mnafutana. Msipohesabiwa ni yaleyale."

"Si yaleyale," nilimwambia. "Nimechaguliwa na watu kuja kusema. Sikuja kupunguzwa."

Mwishowe karani alikubali karatasi ipelekwe uzioni. Akaipeleka mwenyewe, akaiweka juu ya jiwe pamoja na kalamu, akarudi nyuma. Wifi akaweka alama, akaikunja, akanyoosha mkono. Hakuna aliyesogea. Karani hakujua kama mgeni anaruhusiwa kuipokea, akawa anatutazama sisi tumwonyeshe. Wazee wakatazama chini. Wifi alikaa na mkono wake hewani.

Mimi nilikuwa nimeshapiga yangu. Jumapili iliyofuata mjukuu wangu wa kike alikuwa apate kipaimara mjini Mbulu, na gauni lake nilikuwa nimelishona kwa mkono wangu. Nililijua hilo nilipokuwa ninatembea kwenda kwenye minyaa. Nikaipokea ile karatasi.

"Umekuwa mjinga, wifi," akaninong'oneza.

"Nyamaza. Umempa mwalimu?"

"Nimempa."

"Basi mjinga ni wewe."

Karani akasogeza sanduku mpaka nje, nikaitumbukiza. Sikurudi darasani tena. Tulikaa sote wawili nje ya minyaa wakati wanahesabu, na aliyehesabu alikuwa yule karani peke yake, maana wengine hawakutaka kugusa kilichokuwa ndani. Mwalimu alishinda kwetu. Wifi alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakikatiza, akakumbuka ana msiba.

Haikukaa wiki tatu. Watu wa mwanasheria walikata rufaa, wakasema kura iliyopigwa nje ya chumba haimo kwenye kanuni. Wenye chama huko juu wakawasikiliza. Tawi letu likafutwa lote, yangu na yake. Mwenyekiti alikuja kutuarifu akiwa amesimama mbali, ameshika kofia.

Kura ilifutwa, ila metimani haikufutwa. Kipaimara sikwenda. Binti yangu alinisema kwenye simu mpaka salio likaisha, na alikuwa na haki. Gauni walikuja kulichukua kwa sababu nililimaliza kabla ya kuipokea ile karatasi, picha wakanitumia.

Lakini miezi ile nilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingia, wa wifi, nikahamia humo. Asubuhi tulikwenda kuchota maji kijitoni baada ya wengine wote. Mchana tulimenya vitunguu saumu, tukibishana kama kawaida. Siku nyingine alimlilia yule mchanga, nami nikakaa naye bila kusema neno, kitu ambacho hatukuwahi kukiweza. Miaka yote tangu niolewe nilimjua kwa mabishano. Nilipofungiwa naye ndipo nilipojua kwamba usiku huimba taratibu akiwa peke yake, na kwamba aliogopa mimi nitakufa kwanza.

Siku wazee walipokuja kutuambia yatosha, tukaoge, turudi kwa watu, sufuria lilikuwa motoni. Nilisimama nitafute kanga yangu. Wifi hakusimama. Aliwaambia wazee wasubiri hapo nje, makande hayajaiva.