Raba za Zakayo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilisimama uani kwa Mama Zakayo, kule Samuye, nimeshika kifurushi cha kitambaa, na ndani yake mlikuwa na raba za mwanawe. Alikuwa anapepeta mtama. Alinitazama miguuni kwanza, akaona niko peku, kisha akakitazama kile kifurushi. Ungo ukamponyoka.

"Shija," akaniita, "mbona umekuja peke yako?"

Nikampa kifurushi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, uelewe. Miaka ile, kabla ya Uhuru, mimi na Zakayo tulikuwa vijana wa kazi kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, upande wa Geita. Leo pale pamebaki mashimo na mbuzi. Mawe ya chini yalikuwa yanakata kama wembe, na mtu wa peku alirudishwa mlangoni. Sisi viatu hatukuwa navyo. Tukachanga, tukanunua jozi moja ya raba za turubai, nyeupe, tukawa tunazivaa kwa zamu. Yeye akiingia shimoni, mimi niko nje. Akitoka ananivulia palepale, zingali na joto la miguu yake. Yeye zilimkaa sawasawa. Mimi ilibidi nijaze matambara kwenye vidole.

"Shija, umezinukisha mpaka dhahabu imekimbia," alikuwa akiniambia.

"Imekukimbia wewe na sura yako," namjibu.

Ndivyo tulivyoishi, na yalikuwa maisha mazuri, nisikudanganye.

Nyapara wetu aliitwa Lubinza. Jina lake nalitaja makusudi. Miti ya kuegemezea dari ya shimo ilipopungua, hakungoja mingine ikatwe. Alianza kung'oa nguzo za nyuma ili azisimamishe mbele. Siku ile natoka zamu, nimeinama navua raba nimpe mwenzangu, nikamsikia Zakayo akimwambia, "Bwana nyapara, kule nyuma mmetuacha bila nguzo."

Lubinza akacheka. "Wewe na mwili wote huo unaogopa udongo? Ingia, au nimwite mwanamume mwingine."

Zakayo akafunga kamba, akaingia. Kule nyuma shimo likamporomokea. Sikumwona tena akitembea.

Walipomtoa, tulimzika kulekule mgodini. Lubinza akasimama mbele ya watu, akasema Zakayo ndiye aliyezing'oa nguzo mwenyewe, kwa ubishi wake. Nikaenda kwa karani, huyo aliitwa Festo, nikamweleza nililolisikia kwa masikio yangu. Hakuinua hata uso. "Kachukue vitu vyako," akasema, "wewe huna kazi hapa." Vitu vyangu vilikuwa blanketi na zile raba, zimelowa damu.

Sikutaka mama yake azione vile. Nikazichemsha kwa sabuni, nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Damu ndiyo kwanza ikang'ang'ania, ikawa kahawia kama kutu, na turubai likajikunja. Nikazifunga hivyohivyo, nikapanda lori, nikavuka kwa pantoni, nikashika treni mpaka Shinyanga, na kutoka hapo nikatembea.

Mama Zakayo alilia mpaka sauti ikakauka. Majirani wakaja, wakakaa naye matanga. Yalipokwisha nikamwambia, "Mayu," maana kwetu Usukumani ndivyo tunavyomwita mama, "tuzizike hizi raba."

Akazigeuzageuza. "Ulizichemsha?"

"Ndiyo, mayu."

"Damu haichemshwi, mwanangu. Ukiipasha moto inashika, haitoki tena. Damu ni ya maji baridi." Akaziweka chini. "Sasa tuzike nini? Zakayo wamekwisha kumzika. Na wewe utatafuta kazi kwa miguu gani?"

Akachemsha magome ya mgunga mpaka maji yakawa mekundu, mazito, akayaacha yapoe, akazilowesha humo. Kisha tukashuka mbugani, akachota tope jeusi la chini kabisa, lile ambalo akina mama wa kule hutilia nyuzi za vikapu ziwe nyeusi. Akazipaka, akazianika, akazisuuza, akarudia magome, akarudia tope. Alifanya kazi ile kimya, kama mtu anayemwogesha mtoto. Mwishowe raba zikawa nyeusi tii, ungedhani zimetoka dukani hivyo.

"Vaa," akasema.

Nikavaa bila matambara. Zilikuwa zimenywea kwa moto wangu ule, zikanikaa barabara. Mama Zakayo akaitazama miguu yangu, akainama, akazifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe.

"Doa halijatoka," akaniambia. "Liko chini ya rangi. Wewe unajua, na mimi najua. Haya, nenda."

Kwa raba hizo nilipata kazi ya kupakia mizigo stesheni ya Isaka. Nikaoa, nikajenga. Namshukuru mama yule kila ninapofunga kamba za kiatu chochote. Angeweza kuniuliza kwa nini nimerudi mimi na si mwanawe. Hakuniuliza hata siku moja.

Shule ya maana sikusoma, mwanangu, lakini hili nalijua. Kikiharibika kitu mikononi mwako, usikimbilie kukitupa wala kukifukia. Tafuta mtu anayejua kukitia rangi, umsikilize, ukivae, uende kazini. Ila usimruhusu mtu yeyote akwambie kwamba doa halikuwapo. Mungu akupe miguu mizima, na akupe wa kukufungia kamba siku ambayo mikono yako itatetemeka.

Nawe Lubinza, najua uko hai. Nasikia siku hizi unaketishwa viti vya mbele kwenye harusi. Mama Zakayo naye yu hai, kikongwe sasa. Macho yamefifia, lakini masikio yake yanasikia vizuri. Nyumba ni ileile, uani ni palepale niliposimama mimi. Njoo usimame hapo, umwambie kwa kinywa chako ni nani aliyezing'oa zile nguzo.