Mchanga Kwenye Winda la Issa

Jamani, mpaka leo nikisikia neno mizani masikio yanawaka moto, na nyie mnaoniita Baba Mchanga (mpo hapa, nawaona) mnajua vizuri kwamba sijawahi kuuza mchanga.

Ilikuwa enzi zile matrekta ya Wazungu yananguruma kule Nachingwea yakilima karanga, sisi tupo zetu Chiola. Mwanangu Issa alipoachishwa ziwa akanyauka, shingo kama ya kifaranga. Nesi akaja, akatundika kapu kwenye mizani ile ile tunayopimia ufuta pale banda la kuuzia mazao, akamtia mtoto, mshale ukatikisika kidogo ukachoka. Akamwambia mke wangu Somoe, "Uji mtupu haujengi mtoto, mama. Tia karanga, mpe mboga za majani, mpe yai."

Nikacheka. Yai apewe mtoto, aje kuwa mwizi? (Bibi zetu ndivyo walivyosema, basi mayai nikawa nayala mimi, kumkinga mtoto, mpaka tetea wangu alipoacha kutaga.) Ila mjomba wake Somoe hakucheka, na kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Akasema, "Mkwe, nesi akirudi akamkuta hivi hivi, nawachukua mama na mwana narudi nao kwangu Likunja."

Miezi ikapita, siku ya nesi kurudi ikafika. Mimi na akili zangu za darasa la pili nikajiambia, mizani si ile ile? Na ufuta ukiwa mwepesi tunafanyaje? (Msinitazame hivyo, hata nyie mlifanya.) Nikachota mchanga wa mtoni, nikaufunga kitambaani, nikauchomeka ndani ya winda la mtoto, nikambeba mwenyewe.

"Leo Baba Issa kabeba mtoto!" Somoe akashangaa. "Jua limetokea wapi?"

Bandani watu wamejaa, mjomba yuko mbele na bakora yake. Issa akatiwa kapuni, mshale ukaruka kama umechomwa sindano, nesi akashika mdomo. "Baba Issa! Hebu waeleze akina mama, mmemlisha nini huyu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusingizia tumbo nikimbie. Badala yake nikapanda juu ya gunia, nikakohoa kama mwalimu, nikaanza, chakula cha mtoto kina mambo yake, kwanza baba mwenyewe awe macho, nakwenda tu, akina mama wanaitikia, nami nimenogewa, kumbe Issa kule kapuni kachoka kukalia mchanga, anajipinda, fundo limefunguka, mchanga unamiminika juu ya viatu vyeupe vya nesi.

Bibi mmoja akapiga yowe, "Mtoto anavuja!"

"Havuji huyo!" mpimaji wa ufuta akaangua kicheko. "Hilo gunia la Baba Issa, nalijua!"

Banda zima likalipuka. Mjomba peke yake hakucheka. "Vua winda," akasema taratibu. "Pima upya."

Issa akarudi kapuni uchi kama alivyozaliwa. Kicheko kikakatika. Mshale ukaruka, kisha ukashuka, ukashuka, na roho yangu inashuka nao, nishaiona njia ya Likunja na mgongo wa Somoe unapotelea huko, halafu mshale ukasimama. Ukasimama juu, juu kabisa ya pale ulipochoka mara ile! Nesi akainama, akagonga kioo kwa ukucha. Haukusogea. Nikamtazama mwanangu, mapaja yana mikunjo. Mikunjo! Nimembeba asubuhi nzima sikuiona, nawaza mchanga.

"Subhanallah," mjomba akasema, akasimama.

Nesi akamgeukia Somoe. Somoe akatazama chini. "Natwanga karanga natia kwenye uji wa mtama. Majani ya kunde nayaponda. Na yai... kila huyu bwana akienda kwenye bao."

Nikaropoka mbele ya watu wote, "Kumbe tetea hajaacha kutaga?" (Nilikuwa nishamnolea kisu!)

"Kaacha kukutagia wewe," mjomba akasema, na hapo ndipo alipocheka, mpaka bakora ikamwanguka.

Akarudi Likunja peke yake. Mimi nikabaki nafagia mchanga wangu, huku nastaajabu: matrekta ya Nachingwea nilikuwa nayasikia kutwa, kinu cha mke wangu uani kikimjenga mwanangu sikukisikia. Tetea yule sikumchinja, alikufa kwa uzee wake nikamzika mwenyewe. Na mizani yoyote nikiikaribia, hata ya sukari dukani, kwanza nanyoosha viganja, kila mtu avione ni vitupu.