Sikio Kwenye Injini

Fundi yule hafungi sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini, kabla hajazungusha mhimili wa krenki kwa mkono, macho kayafumba, sikio kalibandika kwenye injini, asikilize kama krenki inakwaruza lile bati linalozuia oili isirukeruke. "Shemeji, zima redio," alisema, na mwenye gari, kaka wa mkewe, aliyekuwa na mashindano kesho yake, akaizima haraka. Kwaruu! Bati likafunguliwa, likasogezwa kidogo, likafungwa. Kwaruu tena! Fundi akafumbua macho, akautazama mkono wake wa kushoto uliokumbatia injini, akaangua kicheko. Pete ya ndoa! "Dada yako huyu, hata huku ananifuata." Akaiviringishia kitambaa, akazungusha. "Njoo usikilize." Shemeji akainama, hakusikia kitu, akashusha pumzi. "Hebu zungusha tena."