Mkono Ambao Sikuuinua

Albamu yetu ya kwanza tuliirekodia katika ghala la mpunga, hapa Kasongo. Ghala lilikuwa la baba mdogo wa mpiga ngoma wetu. Magunia yalipangwa hadi juu kwenye kuta zote nne, na penye mpunga mwingi namna ile sauti hairudi. Studio ya bure, ila ilikuwa na siku zake: lori la kuchukua mpunga likifika, kuta zimekwenda. Tulikuwa na wiki moja.

Mji wetu ni wa rumba na kaswida. Roki nzito tuliipenda sisi wanne tu, na nyumbani waliita kelele. Gita linalolia peke yake katikati ya wimbo lilikuwa langu tangu tuanze. Wimbo wa mwisho niliutunga mwenyewe, na nafasi ya gita ndani yake niliiacha ndefu makusudi, watu wanijue.

Halafu mwimbaji wetu akaleta mgeni, Mbangubangu kwa kabila, mtu wa Kabambare, mchimba dhahabu huko Lusangi, vidole vimepasuka kwa sururu. Alilishika gita langu, akajaribu kidogo, wenzangu wakanyamaza. Mimi hawajawahi kuninyamazia.

Mwimbaji akaniambia, "Kaka, ule wimbo wa mwisho tumupatie huyu. Weye utapiga zingine zote."

"Hapana mbaya," nikajibu.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliugua. Wivu wa siku ile sijawahi kuuona hata kwa ajili ya mwanamke.

Sasa, msikiti uko hatua chache kutoka pale ghalani. Kabla ya adhana kipaza sauti hukwaruza kidogo, muadhini akikijaribu. Wanaopiga hawawezi kusikia, wamevaa ekuta masikioni, kwa hiyo asiyepiga hukaa dirishani. Akisikia mkwaruzo anainua mkono, wote wanaacha, wanangoja adhana iishe, wanaanza upya. Siku ile asiyepiga nilikuwa mimi.

Alasiri ilikuwa imekaribia. Pikipiki ya kumrudisha mgeni Lusangi ilikuwa nje tayari. Akaanza kupiga, na tangu mwanzo nilijua kwamba sitaweza kupiga hivyo hata nikifundishwa miaka kumi. Alifumba macho. Gita langu mwenyewe lilimtii kuliko lilivyowahi kunitii mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kipaza sauti kikakwaruza. Nilikisikia vizuri. Mikono yangu ilikuwa mapajani, nikaiacha hapohapo.

Wimbo ulikuwa mrefu. Walipovua ekuta adhana ilikuwa imekwisha. Wakakumbatiana, mgeni akaaga, akapanda pikipiki. Tulipotoka kuswali ndipo tukasikiliza, na adhana ilikuwa ndani ya gita lake, wazi kabisa, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mpiga ngoma akatikisa kichwa. "Hii hatuwezi kuitia ndani ya albamu. Ni jina la Mungu." Kisha akanigeukia. "Hukusikia?"

"Sikusikia."

Kesho yake nilipiga mimi. Kesho kutwa yake lori likaja.

Albamu ilizunguka kwenye simu za watu, hata waendesha pikipiki wa Nyangwe wakawa nayo, na walionisifu walisifu hasa wimbo wa mwisho. Niliwashukuru. Usiniulize kama nilifurahi.

Miezi ikapita, nikakutana na yule mgeni sokoni, amenunua maharage na betri. Alifurahi kuniona.

"Kaka, nilisikia ule wimbo. Ulipiga muzuri sana. Ile yangu iliharibika namna gani?"

"Adhana iliingia."

Alifikiri kidogo, akatabasamu. "Basi ni Mungu hakupenda."

Akanipa mkono, nikaushika. Lile kosa nilimwachia Mungu. Na hata pale, vidole vyake vilivyopasuka vikiwa mkononi mwangu, bado nilikuwa namwonea wivu.